Fyuzi ya amplifaya ya valvu inakatika kila ninapoiwasha: je, transfoma imeungua kweli?

Mpiga gitaa, Likoni

Ndugu wataalamu, salaam. Ninayo amplifaya ya gitaa aina ya Fender Deluxe Reverb ya miaka ya 1960, yenye paneli nyeusi, ambayo mjomba aliniletea kutoka Marekani. Ina valvu mbili za 6V6 zinazosukuma spika, valvu ya rektifaya ya GZ34, yaani ile inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, na valvu sita ndogo. Nyuma yake imeandikwa volti 117, saiko 60 (mawimbi ya umeme kwa sekunde), kwa hiyo tangu ifike naitumia kupitia kisanduku cha kushushia umeme kilichoandikwa 240 kwenda 110.

Tangu mwanzo transfoma yake kubwa imekuwa ikivuma kwa sauti inayosikika hata spika ikiwa kimya, na baada ya nusu saa hupata joto ambalo kiganja hakiwezi kulivumilia. Juzi, katikati ya mazoezi, sauti ilikatika. Nilikuta fyuzi ya ampea 2 imeungua. Nimeweka nyingine ya aina ile ile, ile inayochelewa kukatika, nayo ikaungua sekunde chache baada ya kuwasha, ingawa swichi ya stendibai, inayozuia umeme mkubwa kufika kwenye valvu nyingine, ilikuwa bado haijafunguliwa.

Fundi mmoja wa mjini aliipima kwa mita na kuniambia transfoma imepiga shoti. Sababu alizotoa ni mbili: koili za volti 5 na volti 6.3 zinalia zote mita inapowekwa kwenye mlio, na nusu mbili za koili ya umeme mkubwa hazilingani, kwani upande mmoja una omu 62 na mwingine 66. Ushauri wake ulikuwa ama niagize transfoma mpya, ama tuweke fyuzi ya ampea 5 tuone itakuwaje. Hilo la pili nimelikataa. Naomba kuelekezwa namna ya kuwa na hakika kabla sijaingia gharama, maana transfoma yenyewe ni ghali na uzito wake unaifanya nauli ya mzigo iwe ghali zaidi.

Fundi wa Ngamiani

Ulifanya vyema kuikataa ile fyuzi ya ampea 5. Transfoma nyingi nilizoziona zikiungua kabisa hazikuuawa na hitilafu ya kwanza, ziliuawa na fyuzi kubwa iliyowekwa baadaye.

Sababu zote mbili alizokupa fundi huyo hazithibitishi lolote. Koili ya volti 6.3 ni waya mnene wa mizunguko michache, na ukinzani wake ni sehemu ndogo tu ya omu moja; mita ya kawaida lazima ilie hapo, na isingelia ningesema koili imekatika. Kuhusu omu 62 na 66, nusu ya pili ya koili husukwa juu ya ya kwanza, kila mzunguko wake ni mrefu kidogo, kwa hiyo waya unaotumika ni mwingi zaidi ingawa idadi ya mizunguko ni ile ile. Tofauti ya namna hiyo ni ya kuzaliwa nayo.

Kinyume chake nacho kina hatari yake. Mita ikikuonyesha omu nzuri, haina maana kwamba transfoma ni nzima. Mizunguko miwili iliyo jirani ikigusana kwa sababu vanishi imeungua, ukinzani wa koili nzima hupungua kiasi ambacho mita yako haitakiona, lakini mzunguko huo mmoja uliofungika huchota umeme mwingi na kuipasha moto transfoma yote. Ugonjwa huo huonekana transfoma ikiwa na umeme, si vinginevyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Chomoa waya wa umeme, kisha toa chaji iliyobaki kwenye kapasita kubwa zilizo chini ya kifuniko cha chuma kwenye chesisi. Tumia rezista ya omu elfu 10 yenye wati 5, iliyounganishwa kwa waya zenye klipu, upande mmoja kwenye chesisi na mwingine kwenye ncha chanya ya kapasita, uiache hapo kwa muda, halafu pima kwa mita uhakikishe volti zimeshuka karibu na sifuri. Usitumie bisibisi kupiga cheche. Kapasita hizo hubeba zaidi ya volti 400, na umeme huo unaua.

Kisha tengeneza taa ya kupimia. Chukua holda ya balbu, uiunge mfululizo kwenye waya wa laivu unaokwenda kwenye soketi, na uweke balbu ya nyuzi ya wati 60 ya volti 240. Siku hizi maduka yamejaa balbu za LED, nazo hazifai kwa kazi hii. Ukikosa ya nyuzi madukani, waulize wafugaji wa vifaranga. Chomeka kisanduku chako hapo kikiwa peke yake. Balbu iwake kidogo na kufifia mara moja. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, mgonjwa ni kisanduku, na amplifaya imesingiziwa.

Kisanduku kikipita, ng'oa valvu zote tisa, uchomeke amplifaya na kuiwasha. Transfoma nzima isiyo na mzigo haitaiwasha balbu zaidi ya wekundu hafifu. Balbu ikiwaka kwa weupe ilhali hakuna valvu hata moja, fungua na waya za upande wa pili wa transfoma, uzifunike ncha kwa utepe, ujaribu tena, kwa sababu hata kishikio cha taa nyekundu ya mbele huweza kugusa chesisi na kufanya shoti. Ikiendelea kuwaka vile vile baada ya hapo, basi transfoma ndiyo iliyokufa.

Ikipita, ondoa balbu, iache amplifaya iwake bila valvu kwa nusu saa, uiguse transfoma kila baada ya dakika chache na upime volti zake za AC. Koili ya umeme mkubwa ipime kutoka kila upande hadi kwenye chesisi, usiipime kutoka ncha hadi ncha, kwani volti huzidi 660 na mita nyingi za bei nafuu zinaishia 600.

Baada ya hapo rudisha balbu, ubadilishe iwe ya wati 100, na uanze kurudisha valvu ndogo, kisha 6V6, na mwisho kabisa GZ34. Usishtuke balbu ikiwaka kiasi valvu zinapowekwa: fito za kupasha za valvu zako, GZ34 ikiwemo, zinakula takriban wati 27 hata kabla ya muziki.

Jambo moja katika maelezo yako linanivutia. Umesema fyuzi hukatika *baada ya sekunde chache*. Transfoma iliyopiga shoti haingoji; fyuzi hukatika muda huo huo au hukawia kwa kiasi kile kile, valvu ziwe baridi au moto. Kungoja kwa sekunde kadhaa ni tabia ya kitu kinachohitaji kwanza kupata moto ndipo kipitishe umeme.

Redio za Zamani

Naunga mkono. Nami ningeitazama GZ34 kwanza. Ing'oe na uipime ikiwa mkononi: pini ya 4 na ya 6 ni anodi (mabati ambako umeme huingilia), pini ya 2 na ya 8 ni za kupasha, na kathodi (ambako umeme hutokea ikishapata moto) imeunganishwa na pini ya 8. Kutoka 4 hadi 8 au 6 hadi 8 mita isionyeshe chochote. Angalia pia kama kuna mtu aliyewahi kubadilisha kapasita za kwanza akaweka kubwa kuliko zilizokuwepo. GZ34 imewekewa kikomo cha maikrofaradi 60, na wapo wanaodhani kwamba kapasita kubwa huleta sauti safi zaidi, wakaiua valvu kwa mkupuo wa chaji kila inapowashwa.

Mpiga gitaa, Likoni

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Nimefuata maelekezo yote.

Kisanduku peke yake kilifanya balbu imulike na kuzima. Amplifaya bila valvu, balbu ilibaki na wekundu mdogo tu kwenye nyuzi. Bila balbu, volti nilizopata ni hizi: kisanduku kinatoa 127, ingawa kimeandikwa 110; umeme mkubwa ni 376 upande mmoja na 377 mwingine; koili ya 6.3 ina 7.2, na ya 5 ina 5.7. Baada ya nusu saa transfoma ilikuwa na joto ambalo mkono unaweza kulivumilia, japokuwa mvumo haukupungua.

Niliporudisha valvu ndogo na 6V6, balbu iliwaka kiasi ikatulia. Nilipoweka GZ34, ilitulia kwa muda wa kama kuvuta pumzi tatu, kisha ikawaka nyeupe kabisa, stendibai ikiwa bado imefungwa. Niliing'oa na kuipima: kati ya pini ya 6 na ya 8 mita inalia. Nimeazima nyingine kwa rafiki anayetengeneza vyombo vya kwaya, na balbu sasa haiwaki nyeupe tena. Kapasita ni za kawaida, hazijabadilishwa ukubwa.

Amplifaya inapiga. Lakini baada ya saa moja transfoma ni moto ule ule wa zamani, na kuna harufu ya lami. Je, nayo ilijeruhiwa?

Fundi wa Ngamiani

Basi maelezo yake yamekamilika. Anodi moja iligusana na kathodi. Ikiwa baridi, anodi ya pili haipitishi umeme, kwa hiyo hakuna njia ya kurudi na fyuzi inatulia. Kathodi ikishapata moto, umeme unapita kutoka anodi nzima hadi kathodi na kurudi kwa ile iliyogusana, na hapo koili nzima ya umeme mkubwa inakuwa imepigwa shoti yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo maana stendibai haikusaidia, kwa kuwa iko baada ya rektifaya.

Namba zako zinaonyesha kwamba uwiano wa koili haujaharibika. Gawanya 376 kwa 7.2 upate kama 52, halafu gawanya 330 kwa 6.3, ambazo ndizo volti zake halali, upate 52 vile vile. Mizunguko ingekuwa imegusana upande mmoja, uwiano huo ungepotoka. Hilo la joto namwachia mwenzetu aliyesomea mashine za umeme.

Mhandisi wa Mashine

Joto hilo halina uhusiano na GZ34, isipokuwa kwamba huenda vyote viwili vina chanzo kimoja.

Transfoma iliyosukwa kwa saiko 60 ikiwekwa kwenye saiko 50, kama umeme wa Kenya na Tanzania ulivyo, usumaku ndani ya chuma chake hupanda, hata volti zikiwa sahihi. Kipimo chake ni volti kugawanya kwa saiko. Mtengenezaji alikusudia 117 kwa 60, yaani 1.95. Wewe unaipa takriban 125 ikiwa na mzigo, kwa 50, yaani 2.5. Hiyo ni ziada ya asilimia 28. Watengenezaji wengi wa wakati ule hawakuacha nafasi kubwa hivyo katika chuma chao. Chuma kikishashiba usumaku, koili ya kwanza, ile inayopokea umeme wa ukutani, huanza kuvuta umeme mwingi kwa vishindo katika kila kilele cha wimbi, transfoma hunguruma na hupata joto bila kufanya kazi yoyote ya maana. Mvumo uliousikia tangu siku ya kwanza ulikuwa huo.

Sambamba na hilo, volti zote za ndani zimepanda kwa asilimia 7 hivi. Mchoro wa amplifaya hiyo unaonyesha volti 415 kwenye anodi za 6V6, ambazo tayari zinazidi 350 zilizowekwa na vitabu kwa 6V6GTA; kwako zitakuwa karibu na 440. Nayo GZ34 inapashwa kwa volti zinazokaribia kikomo cha juu. Sishangai kwamba imekufa.

Usiendelee kukisia joto kwa kiganja. Shaba ya koili yenyewe ni kipimajoto kizuri. Amplifaya ikiwa imelala usiku kucha, ng'oa GZ34 na upime omu za nusu moja ya umeme mkubwa, uandike na joto la chumba. Kisha ipige kwa saa mbili, izime, chomoa waya, toa chaji, ng'oa GZ34 na upime tena upesi. Gawanya omu za moto kwa omu za baridi, zidisha kwa jumla ya 234.5 na joto la chumba, kisha toa 234.5. Jibu ni wastani wa joto la koili kwa nyuzi za Selsiasi. Insulesheni ya daraja A, yaani karatasi na pamba zilizoloweshwa vanishi, inakusudiwa kuishia nyuzi 105, na kumbuka kwamba katikati ya koili kuna joto zaidi ya wastani huo.

Tiba ya haraka ni kuishusha volti inayoingia. Usishuke hadi 100, kwa sababu hapo usumaku utakuwa sawa lakini fito za 6.3 zitapata kama 5.4 tu, upungufu unaozidi asilimia 10 zinazoruhusiwa, na kathodi hazifurahii kupashwa pungufu. Ukiweka 110 halisi kwa mita, fito zinapata 5.9, na ziada ya usumaku inashuka hadi asilimia 13. Si dawa kamili, ni nafuu kubwa.

Sasa jambo lililo muhimu kuliko joto. Visanduku vingi vya kushushia umeme vina koili moja tu yenye tawi katikati, kwa hiyo havikutenganishi na umeme wa ukutani. Amplifaya yako, ikiwa haijawahi kurekebishwa, ina plagi ya meno mawili na kapasita ya maikrofaradi 0.047 inayounganisha waya mmoja wa umeme na chesisi kupitia swichi ya graundi iliyo nyuma. Plagi hiyo inaingia upande wowote. Ikiingia kinyume, au kisanduku chenyewe kikiwa kimeungwa kinyume, chesisi pamoja na nyuzi za gitaa lako vinaweza kupata hadi volti 240 kupitia kapasita hiyo, nayo ikapitisha hadi miliampea 3.5 hivi, kiasi cha kukurusha. Kapasita ikipiga shoti, mkono ulio kwenye gitaa na mdomo ulio kwenye maikrofoni vitakamilisha njia. Ikate leo. Kisha weka waya wa pini tatu wenye ethi iliyofungwa kwa boliti kwenye chesisi, na uhakikishe ethi hiyo inapita kwenye kisanduku hadi ukutani. Vipo visanduku vinavyoikatia humo ndani.

Karakana ya kusuka mota, Kariakoo

Niongeze kwa upande wa kusuka upya, maana naona huko ndiko mtakakoishia.

Kama utampelekea fundi wa mota, usimwambie tu asuke kama ilivyokuwa na abadilishe koili ya kwanza iwe ya 240. Atahesabu mizunguko, ataizidisha kwa mbili na kidogo, na utarudi nyumbani na mvumo ule ule, kwa sababu tatizo la saiko litabaki. Kwa saiko 50 kila koili inahitaji mizunguko zaidi kwa asilimia 20, na dirisha la chuma lilikuwa limeshajaa waya tangu kiwandani. Zikibanwa kwa lazima, fundi atapunguza unene wa waya, na joto litakuja kwa mlango mwingine. Njia ya haki ni kuongeza vibati vya chuma ili rundo lake liwe nene zaidi kwa asilimia 20, mizunguko kwa kila volti ikibaki ile ya zamani, lakini vifuniko vyake vya asili havitaenea tena na boliti zitakuwa fupi.

Ndiyo maana mimi mwenyewe, ingawa ni kazi yangu, ningekushauri ununue transfoma mpya iliyosukwa kwa saiko 50 na 60 yenye matawi ya 230 au 240. Fender walitengeneza pia amplifaya za kuuzwa nje zenye swichi ya kuchagua volti, kwa hiyo transfoma za namna hiyo za kubadilishia zinapatikana.

Kabla ya hapo, mpe fundi mwenye mega (kipimo cha insulesheni kinachotumia volti kubwa) aipime hiyo ya zamani kwa volti 500, kati ya koili ya kwanza na chuma, na kati ya umeme mkubwa na chuma, waya zote zikiwa zimefunguliwa. Mita ya betri haiwezi kuonyesha insulesheni iliyochoka. Mkikaa pwani, karatasi za miaka 60 hunywa unyevu, kwa hiyo ipimwe ikiwa baridi na ipimwe tena ikiwa imeshapata moto.

Mpiga gitaa, Likoni

Nimekata kapasita na kuweka waya wa pini tatu. Ethi ya kisanduku cha zamani kumbe ilikuwa haijaungwa na kitu. Nilipima joto kwa njia ya mhandisi: chumba nyuzi 29, omu 62 zikiwa baridi, omu 79 baada ya saa mbili. Jibu ni nyuzi 101.

Nimepata kisanduku kingine chenye tawi linalotoa 110 kwa mita, amplifaya ikiwa imewaka. Omu sasa zinaishia 74, yaani nyuzi 80. Mvumo unasikika mtu akiinamisha sikio, na harufu ya lami imekwisha. Mega imeonyesha megaomu zaidi ya 100 kwenye chuma, baridi na moto. Transfoma ya 240 nitaiagiza mwaka ukipinduka. Naomba tu kufahamishwa kama nilipie ile yenye koili ya volti 330 kamili, au nitafute yenye 320 ili 6V6 zipumue.

Mhandisi wa Mashine

Chukua ya 320 ukiipata, na biasi, yaani volti inayodhibiti umeme unaopita kwenye 6V6, ipangwe upya baada ya kuifunga.